Jinzi za Aliyekosea

Juzi umeme ulikatika na mwanangu hakuwa na sare iliyonyooka, nikapanda kwenye kiti nikaishusha pasi ya mkaa kutoka juu ya kabati. Watoto walicheka walipoiona na kile kijogoo chake cha shaba cha kufungia mfuniko pale mbele. Wakasema kitu hicho kipelekwe makumbusho. Nikawaambia wangoje waone. Nikatia mkaa, nikapepea kwa mfuniko wa sufuria, nikanyunyiza maji kwenye shati, na pasi ilipogusa kitambaa mvuke ukanipanda puani. Ulikuwa mvuke na mkaa, na chini yake ile dawa kali ya mitumba ambayo naapa haikuwemo jikoni kwangu. Pua iliiongeza yenyewe.

Wa rika langu mtaielewa harufu hiyo. Sisi ni watoto wa miaka ya ruksa. Tulianza shule wakati sukari ni ya foleni, na kabla akili hazijakomaa tukakuta kila kitu kimemwagwa barabarani, kuanzia sabuni za kunukia hadi viatu vilivyokwisha kuvaliwa na watu wa Ulaya. Upepo huohuo uliompokonya baba yangu kazi ndio uliompa mama yangu. Kiwanda kilipopunguza watu, Baba alikwenda kulima shamba la kukodi Usa River, akawa anarudi mwisho wa mwezi na gunia la nyanya na maneno machache. Mama akaingia kwenye mitumba.

Hakuingia peke yake. Aliingia na Mama Neema, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta pale Kijenge, chini ya mlima Meru, Mmeru ambaye kwao ni Kikwe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini ambaye hata mvua ikimkuta njiani hakukimbia. Mama yangu alikuwa Mchaga, mfupi, mwenye haraka, anayeanza kujibu kabla hujamaliza kuuliza. Kwa jina langu mimi, mzaliwa wa kwanza, watu walimwita Mama Haika. Yeye alijua mahali pa kupata belo nzuri za nguo, zisizojaa makoti ya baridi ya watu wanene. Mama Neema alikuwa na meza sokoni, tena ya kona, mahali ambapo mpita njia hawezi kupita bila kugusa nguo. Belo bila meza ni mzigo tu, na meza bila belo ni mbao. Wote wawili walilijua hilo, na sisi tulikula kwa sababu hiyo.

Jumamosi alasiri walipiga pasi uani kwetu nguo za wiki inayofuata. Kila mmoja alikuwa na pasi yake na blanketi lake la kutandika mezani, na jiko moja la mkaa katikati yao. Hapo ndipo palipofanyika kile walichokiita hukumu.

Maana wanawake wale walikuwa walevi wa vitabu. Riwaya za upelelezi hasa, zile nyembamba zenye bastola kwenye jalada, zilizopita mikono ya watu hadi kurasa zimelegea. Mama Neema alisoma kwanza, akikunja pembe ya ukurasa kila alipoishia. Mama alifuata, naye alikuwa na tabia ya kuchovya kidole kwenye bakuli la maji ya kunyunyizia nguo kila anapofunua, hata kurasa zikawa na mawimbi. Lakini sura ya mwisho hakuna aliyeigusa. Kitabu kikiingia tu, sura ya mwisho ilifungwa kwa pini, na pini haikutolewa mpaka Jumamosi wote wawili wawe wamefika hapo. Hapo kila mmoja alitamka jina la muuaji na kutoa sababu zake mbele ya mwenzake, kisha mimi au Neema tukafungua pini na kusoma kwa sauti. Aliyekosea alipiga pasi jinzi zote za belo.

Anayejua jinzi ataelewa ukali wa adhabu hiyo. Jinzi hainyooki bila maji mengi, na mishono yake inapigana na pasi. Mifukoni ndiko kwenye kazi, kwani mfuko unakunjamana kwa ndani na mteja wa sokoni lazima atie mkono mfukoni. Mama alikosea mara nyingi kwa sababu ya haraka zake. Aliamini muuaji siku zote ni yule anayejitolea kusaidia polisi. Mama Neema alimshuku mke, kitabu chochote kile, hata kama mke alikuwa hospitali.

"Huyu ana sababu gani ya kumuua mumewe?" Mama alikuwa akiuliza.

"Umemsoma huyo mume? Mimi ningemuua ukurasa wa kumi."

Na Mama akiwa kwenye jinzi zake za adhabu, Mama Neema alipita nyuma yake taratibu, akainua suruali moja, akatia mkono, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mifuko, Mama Haika." Mama alisonya, akarudia mifuko. Mimi na Neema tulikuwa chini ya meza tukifunga vifungo vya mashati, tukicheka kama mazuzu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena, na nasema hivyo nikiwa mtu mzima mwenye nyumba yangu.

Kisha Baba Mdogo, ambaye alikuwa mwalimu wa sekondari na alijiona ana wajibu wa kutusahihisha wote, alileta kitabu kingine. "Achaneni na bastola," alisema. "Someni habari za hapahapa." Ilikuwa riwaya ya wakati wa Wajerumani, nene, yenye mlima kwenye jalada.

"Cha historia nitakisomea nini?" Mama alilalamika. "Mwisho unajulikana. Mjerumani anashinda."

Mama Neema alikigeuza mkononi. "Tukisome tuone nani alimfungulia mlango," akasema. Akafunga sura ya mwisho kwa pini, kwa mazoea.

Kitabu chenyewe nilikisoma kwa wizi nyuma ya choo, nikiruka nisichokielewa. Mjerumani anakuja kuwaadhibu Wameru, na askari wake hawatoshi, basi anakuja na wapiganaji kutoka Kilimanjaro. Nyumba zinachomwa, ng'ombe wanaswagwa, na wanawake na wasichana wanabebwa pamoja na ng'ombe. Msichana mmoja anapewa mpiganaji kijana. Tangu hapo hadithi yote ni ya Uchagani: anavyojifunza kukata majani ya ng'ombe, anavyochekwa lafudhi yake, anavyozaa. Kabla tu ya pini, watu wa kwao wanatuma ujumbe kwamba njia iko wazi. Swali likawa hilo. Atarudi au atabaki?

Mama Neema alikirudisha bila kusema neno, jambo ambalo halikuwa la kawaida; siku zote alikirudisha na kicheko na onyo. Nilikikagua kama wapelelezi wangu walivyonifundisha. Kuanzia pale msichana anapobebwa hakukuwa na pembe hata moja iliyokunjwa, kama vile alikisoma bila kukiweka chini. Na kurasa zile za kubebwa zilikuwa na mawimbi. Mama Neema hakuwa mtu wa kuchovya kidole. Nilimwonyesha Mama. Alisema labda ni mvua, akachovya chake akaendelea.

Jumamosi ya hukumu jua lilikuwa kali na Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Mama alianza, hakuweza kungoja.

"Mimi nasema atabaki. Yule kijana amempenda. Umeona alivyomtetea kwa mama yake? Alivyompa ng'ombe wa maziwa? Hiki si kitabu cha vita, ni kitabu cha mapenzi. Nimelia!"

"Atarudi," Mama Neema alisema.

"Arudi wapi na watoto mgongoni?"

"Kwao."

"Lakini amependwa, Mama Neema!"

Mama Neema aliiweka pasi yake kando ya jiko. "Mbuzi wako akiibiwa, mwizi akampa majani mazuri, utasema mbuzi amependwa?"

Mama alicheka. Hapo ndipo palipoharibika. Mpaka leo natamani asingecheka. "Ni kitabu tu, dada yangu."

"Kwako ni kitabu." Sauti yake haikupanda, ilishuka zaidi, hata ikabidi tuache vifungo ili tusikie. "Wazee wenu walikuja na Mjerumani wakabeba dada za bibi zetu. Bibi yangu mimi hakula ndizi ya Uchagani mpaka anaingia kaburini. Siku ya arusi ya mama yangu waliletewa mtori wa ndizi, akausukuma. Mimi nimekula kwako, nimekunywa kwako, nikasema yamepita. Leo unaniambia walipendwa."

Kama Mama angenyamaza. Lakini ulimi hauna mfupa, na wa mama yangu haukuwa hata na breki. "Sasa mimi nimemwiba nani? Kama chakula changu kimekukaa kooni miaka yote hiyo, ungesema mapema nisipoteze unga."

Mama Neema alikunja blanketi lake kona kwa kona. Gauni alilokuwa analipiga pasi aliliacha nusu lina mikunjo, nusu limenyooka. Alimshika Neema mkono. Neema alikuwa bado na shati la mtu mkononi, akalidondosha mlangoni, na mlango ukafungwa. Pini haikufunguliwa. Pasi yake ilibaki kando ya jiko ikipoa, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuihamisha.

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu. Sokoni Mama Neema alitandika kanga katikati ya meza, nguo zake huku, zetu kule, na wateja walizunguka kona ile wakiona kuna jambo. Shuleni Neema alikaa na mimi kwa sababu mwalimu ndiye aliyepanga madawati, lakini alitazama ubao hata wakati hauna kitu. "Nimeambiwa nisije kwenu," alisema mara moja tu, akalia, nami nikalia, tukapigwa sote kwa kelele. Loshoro yao niliyoizoea, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, ikawa naisikia harufu tu kupitia ukutani. Na Ijumaa nilimsikia Mama akimwambia Baba Mdogo kwamba Mama Neema atakuja kesho kuchukua pasi yake na vitundikio vyake, na kuanzia Jumatatu ameshapata mwenzake mwingine.

"Na wewe je?" Baba Mdogo aliuliza.

"Mimi nina belo," Mama alijibu. "Nitaiuza chini kama mchicha." Alijaribu kucheka, akashindwa, akaingia ndani. Sikuwahi kumwona Mama akishindwa kucheka, na nikaogopa hasa.

Katikati ya wiki hiyo Bibi alikuwa amefika, mama yake Mama, kutoka Uchagani, kutazamwa macho hospitali. Na Bibi ndiye aliyenitia katika shida yangu mwenyewe.

Kila asubuhi alichukua kigoda kutoka jikoni, akakiweka nyuma ya nyumba yetu karibu na kamba ya nguo, akakaa na kikombe cha chai akiutazama mlima Meru. Mtu mwingine angesema anaota jua. Mimi nilikuwa mpelelezi. Nilikumbuka kwamba hata nyumbani kwake, upande ule wa Kilimanjaro unaotazama magharibi, Bibi alikaa hivyohivyo. Wazee wote walikaa mbele ya nyumba, kule kilele cha Kibo kinakoonekana, na Babu mbele yao wote na fimbo yake. Bibi peke yake alikaa nyuma, kwenye uwazi kati ya migomba, na kule nyuma ukiangalia mbali unaona Meru, wa bluu, umekaa peke yake. Sikuwahi kujiuliza kwa nini. Sasa nilijiuliza, na jibu likanifanya niuache uji.

Bibi ndiye yule msichana. Lazima mnielewe: kwangu mimi wakati wa Wajerumani na wakati Babu alipokuwa kijana ulikuwa wakati mmoja. Vyote vilikuwa zamani. Na ukutani kwa Babu ulitundikwa mkuki, nilikuwa nimeushika kwa mkono wangu. Babu yangu, aliyenimenyea miwa, alikuwa ameingia Meru na Mjerumani akamwiba Bibi pamoja na ng'ombe.

Basi nikabaki na siri kama mtu aliyemeza kokoto. Nikimwambia Mama Neema kwamba huyu hapa mtu wenu amepatikana, labda atafurahi, ataiacha pasi yake, na Jumatatu tutakuwa na meza. Lakini atamrudisha Bibi kwao Meru, na polisi watamfuata Babu. Vitabuni mwizi hakusamehewa kwa kuwa ni mzee. Nikinyamaza, Babu atabaki kwenye kiti chake, na mimi nitampoteza Neema na Mama atauza nguo chini. Nilimchunguza Bibi akila, akisali, akifunga kilemba. Nilitafuta usoni kwake alama ya mtu aliyeibiwa. Alikuwa anatafuna mkate kwa upande mmoja kwa sababu ya jino.

Jumamosi Mama Neema alikuja wakati uleule wa hukumu, labda kwa mazoea ya miguu. Neema alisimama nyuma yake na kapu. Mama alikuwa amewasha jiko na kutandika meza, rundo la jinzi za belo mpya likiwa pembeni, na kitabu kile chenye mlima kikiwa juu ya meza na pini yake, maana hakuna aliyejua kitarudishwa na nani. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake karibu na kamba, mgongo kwetu.

"Shikamoo, Bibi," Mama Neema alisema. Adabu haikumwacha hata akiwa na hasira.

"Marahaba, mwanangu." Bibi hakugeuka.

Mama Neema alihesabu vitundikio, akamkabidhi Neema. Mama alijifanya anapepea mkaa. Kisha Mama Neema akaiinua pasi yake kutoka kando ya jiko, ikiwa baridi, akapangusa majivu kwa upindo wa kitenge. "Haya," akasema. "Tutaonana, Mama Haika." Alisema kama mtu anayefunga mlango polepole ili asiamshe watoto. Aligeuka kuondoka, na mimi nikamwona Neema na lile kapu, na siri ikanitoka kabla sijaamua.

"Bibi! Ni kweli Babu alikuiba?"

Mama aliuacha mfuniko ukaanguka. "Haika! Una wazimu?"

Lakini Bibi aligeuka na kigoda chake na kuanza kucheka, meno yake machache yote nje. "Babu yako aniibe mimi? Babu yako alileta pombe kwa baba yangu nikamkataa. Akaleta tena nikamkataa. Mara ya mwisho alikuja amenyeshewa, nikamwonea huruma. Nani kakwambia habari ya kuibiwa?"

Machozi yalikuwa yananitoka. "Kwa sababu unakaa nyuma. Unaangalia Meru. Kila siku."

Kicheko kilimtoka usoni, kidogo kidogo. Alinitazama kwa yale macho yake yenye ukungu, kisha akautazama mlima, kisha akamtazama Mama Neema aliyesimama na pasi baridi mkononi.

"Huyo si mimi," Bibi alisema. "Huyo ni bibi yangu. Mama yake mama yangu." Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na sokoni, alikichagua neno kwa neno. "Yeye ndiye aliyekuwa anakaa nyuma ya nyumba kule kwetu. Sisi watoto tulimwuliza, Bibi, mbona hukai mbele na wenzako? Akasema, huku nyuma kuna upepo. Upepo haukuwepo. Mawingu yakifunika Meru anaingia ndani. Yakifunguka anatoka. Nikamwuliza mama yangu. Mama akasema usimsumbue, anaangalia kwao. Alibebwa siku ya vita. Alikuwa kama Haika hivi, labda mkubwa kidogo."

Mama alikuwa amekaa juu ya belo bila kujua amekaa. "Mama," akasema, "hukuwahi kuniambia."

"Yeye mwenyewe hakusema. Mimi ningeanzia wapi?"

"Aliitwa nani?" Ilikuwa sauti ya Mama Neema, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Alibatizwa, akapewa jina la kwenye Biblia. Lile la kwao hakulitaja."

"Na ukoo?"

"Hakutaja, mwanangu. Ningekuambia."

Mama Neema alitikisa kichwa polepole. Nilikuwa najua, hata kwa akili yangu ile, kwamba alikuwa anapitisha majina kichwani, dada wote wa bibi yake ambao hawakurudi, na hakuna hata moja la kuliweka hapo. Kisha mama yangu akauliza. Hakuuliza kwa ushindani. Aliuliza kama mtu anayegusa jipu lake mwenyewe.

"Mumewe alimpenda?"

Bibi aligeuka tena akautazama mlima. Mkaa ulilia jikoni.

"Alimpenda sana," akasema. "Hapo nyuma ya nyumba, kwenye shamba lao walilotuachia mimi na mume wangu, kulikuwa na migomba imejaa, huoni kitu. Aliikata. Migomba inayozaa, watu wakamcheka, mwanamume gani anakata chakula. Aliikata yote ili mkewe aone vizuri." Akafuta macho yake mabovu kwa ncha ya kanga. "Alikata migomba. Kumpeleka, hakumpeleka."

Nilikuwa nimekaa mara nyingi kwenye uwazi ule. Nilikuwa nimecheza rede pale na binamu zangu, tukidhani ni mahali tu ambapo migomba haikuota.

"Alipokufa," Bibi aliendelea, "niliona kigoda kiko pale, hakuna mtu. Nikaona vibaya kukiacha. Nikakaa."

Mama Neema alipiga magoti mbele ya Bibi, pasi ikiwa bado mkononi, akainamisha kichwa, na Bibi akaweka kiganja juu ya kilemba chake, akasema kitu kwa Kichaga ambacho sikukisikia vizuri. Mabega ya Mama Neema yalitikisika. Mwanamke ambaye hakukimbia mvua alilia uani kwetu mchana kweupe, na mama yangu alikuwa amekaa juu ya belo mikono imelegea, bila neno hata moja, yeye!

Nilidhani sasa watafungua pini. Nilidhani ndivyo inavyokwenda, mambo yakishajulikana tunasoma sura ya mwisho. Nilikitazama kitabu, Neema naye akakitazama. Mama aliinuka, akakichukua, akakiweka dirishani ili apate nafasi mezani. Kiko kwangu siku hizi. Pini imeshika kutu na kuacha alama kwenye kurasa, na sijawahi kuitoa.

Kisha Mama akavuta rundo la jinzi, lote, akaliweka mbele yake. Akachovya mkono kwenye bakuli, akanyunyiza, akaanza. Hakumwangalia mtu. Mvuke ulipanda usoni kwake na sikuweza kujua ni maji gani yanayomshuka mashavuni.

Mama Neema alisimama, akafuta uso kwa kitenge. Alitazama lango, akatazama jinzi. Kisha akaifungua pasi yake, akatia mkaa wa moto kutoka kwenye jiko, akafunga kijogoo chake.

"Mimi nilisema atarudi," alisema. "Nipe nusu."

Mama aligawa rundo kwa mkono mmoja, bila kuacha kupiga pasi. Walifanya kazi bega kwa bega, na Neema akaweka kapu chini, akaingia chini ya meza, nami nikamfuata. Nje, Bibi alikuwa amegeuza tena kigoda chake. Tulisikia pasi zikienda na kurudi, kwa muda mrefu. Kisha miguu ya Mama Neema ilisogea polepole nyuma ya miguu ya mama yangu, ikasimama.

"Mifuko, Mama Haika."

Mama alisonya, akarudia mifuko.